Firigisi ya Mtahini

Mimi ndiye niliyemchinja. Naanza na hapo ili mtu asisome mpaka mwisho akidhani kuna mwizi anayetafutwa. Jina langu ni Pascalia, lakini chuoni wote huniita Mama Griffin, kuanzia mkuu wa chuo mpaka bawabu wa getini. Chuo chenyewe si kile kikubwa cha Bukura mnachokijua. Chetu ni kidogo, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Butere: madarasa sita, shamba la mahindi, ng'ombe wanne, na mabanda manne ya kuku wa kienyeji. Ng'ombe wana mtu wao. Kuku ni wangu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Cheti sina. Nina macho na nina hasira za karibu, na hivyo viwili vimenitosha kufanya kazi na kuku na kufanya kazi na wasomi. Kuku ni rahisi zaidi. Kuku hakwambii "kwa mujibu wa utafiti" halafu akakuacha uoshe vyombo vya maji peke yako.

Ashley hakuwa hivyo. Alikuwa mwanafunzi wa stashahada, mwaka wa mwisho, binti wa Matungu, mrefu, mpole wa sauti lakini mbishi ajabu. Alikuja bandani mwezi wa pili mwaka jana na daftari na gambuti za kuazima, akaniambia, "Habari ya asubuhi, Mama. Nimekuja kukusumbua miezi minne." Kisha akachukua ufagio. Kabla yake sikuwahi kumpata mwanafunzi aliyeanza na ufagio.

Ule mradi wa kuku ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Wa kwanza ulikuwa wa sukuma wiki, ukaliwa na mbuzi wa jirani wiki mbili kabla ya mtahini kufika, na mtahini hatoi alama kwa mashina. Kanuni ya chuo ni mara mbili tu. Ukianguka mara ya pili unarudi nyumbani na karatasi inayosema ulihudhuria, na karatasi ya kuhudhuria haijawahi kumpa mtu kazi. Mama yake, Roda, analima miwa na kusali sana, na alikuwa ameshawatangazia wanakwaya wenzake siku ya mahafali. Ashley aliniambia hayo akicheka, lakini nilimwona akijifuta mikono kwenye sketi wakati mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

Mradi ulikuwa hivi. Kuku arobaini na wanane, majike watupu, kumi na wawili kila banda, kila mmoja na pete ya namba mguuni. Viota vilikuwa vya mtego: kuku akiingia kutaga, kilango kinajifunga nyuma yake, na mimi napita kila saa, namtoa, nasoma namba, naandika yai lake kwenye rejista. Kwa hiyo nilijua nani anafanya kazi na nani anakula bure. Ashley yeye alikaa nje ya wavu na daftari, akiandika nani kamdonoa nani. Nilimwambia hiyo ni kazi ya mwanamke asiye na shughuli. Akasema ndiyo, na akaendelea kuandika.

Msimamizi wake alikuwa Daktari Weldon. Huyu ni mtu wa Nandi, kijana bado, viatu vyake ni safi hata masika, na darasa lake linapakana na banda la pili. Kipindi chake cha mageuzi ya viumbe nimekisikia mara tisa kupitia dirishani, na nikiitwa leo nakifundisha. Kuna Mwingereza wa ndevu nyingi aliyezunguka visiwa vya joto kwa meli, akaona kwamba viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kilichopo, kwa hiyo wanagombania, na aliyejaliwa kumzidi mwenzake hata kidogo ndiye anayeacha watoto. Mwisho wa kipindi Daktari Weldon hunyoosha kidole dirishani, anaonyesha kuku wangu, anasema, "Mkitaka mayai, mchagueni anayetaga. Asiyetaga ni chakula." Hapo mimi huitikia kwa kichwa, maana hayo hata nyanya yangu aliyajua bila kwenda shule.

Mwaka jana, kidole kikiwa bado kimenyooka, nikasikia sauti ya Ashley. "Daktari, na yule Mrusi je?"

"Mrusi alikuwa na moyo mzuri," Daktari Weldon akasema. "Moyo mzuri si takwimu." Darasa likacheka, nami nikacheka na ndoo yangu mkononi.

Jioni hiyo tukiosha vyombo vya maji nilimuuliza huyo Mrusi alifuga kuku wa aina gani. Akasema hakufuga. Alikuwa mwana wa ukoo wa watawala, mwanajeshi kijana, akatumwa pande za Siberia ambako baridi inaua ng'ombe wakiwa wamesimama. Alikuwa amesoma habari za Mwingereza, akaenda akitafuta kwa hamu wanyama wa aina moja wakipigana wao kwa wao. Aliona wachache sana. Walio wengi aliwaona wakihama pamoja, wakikingana upepo, wakipigana na theluji. Akarudi akaandika kwamba huko kusaidiana nako ni silaha. Wakubwa wa Uingereza hawakumfurahia, maana wengine walikuwa wameshaanza kusema maskini ni maskini kwa sababu dunia imewapima ikawaona dhaifu.

"Mtoto wa tajiri," nikasema. "Amevaa koti zito, anatazama wanyama wanavyosaidiana kwenye baridi. Angekuwa na njaa angeona vingine."

"Pengine, Mama. Lakini yule Mwingereza mwenyewe alionya kwamba neno vita kwake ni namna ya kusema tu. Waliokuja nyuma yake ndio walioling'ang'ania kwa meno." Akapangusa chombo kimoja mara tatu. "Halafu kuna wafugaji wa Amerika. Walichukua kutoka kila kizimba kuku aliyetaga kuliko wenzake, wakazalisha hao, na watoto wao, na wajukuu. Unajua walipata nini? Wauaji. Walidonoana mpaka wakabaki wachache. Upande wa pili walichagua kizimba kizima kilichotaga vizuri, bila kuuliza nani ni nani, na hao mayai yakapanda."

"Kuku wa Amerika," nikasema, na nikaona nimejibu.

Ila kulikuwa na jambo hata mimi sikulielewa. Banda la kwanza, la tatu na la nne yalitoa mayai thelathini na tano, thelathini na sita kwa wiki. Banda la pili lilitoa arobaini na manne. Na humo ndani ya banda la pili mlikuwa na kuku namba kumi na saba, ambaye kwa miezi mitatu na zaidi hakuwahi kutaga hata yai la kuonja. Kila siku nilimwandikia sufuri. Alikuwa mkubwa, kahawia iliyopauka, kilemba chekundu kimesimama kichwani kama cha jogoo, na miguuni vile vikucha vya nyuma vimeanza kuchomoza. Wenzake wakizozana kwenye chakula, huyo anajipenyeza katikati na kifua chake kipana, anasimama tu. Nilimwita Kiherehere. Mimi na Ashley tuliona kitu kimoja. Yeye akaandika, mimi nikasonya.

Hakuwahi kuniambia alichokuwa akiandika. Alinipa sharti moja, siku ya kwanza, na akalirudia karibu kila wiki: "Mama, kuku yeyote asitoke bandani bila mimi kujua. Hata mmoja. Hata akiugua." Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Mtahini alitarajiwa Ijumaa. Akaja Jumatano, bila hodi, eti ratiba yake imebadilika. Daktari Oliver Shitanda, mzee wa chuo kikuu, mwenyeji wa pande za Malava, miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kukutazama. Ashley alikuwa mjini Kakamega akichapisha na kujalidi ripoti yake. Wakampigia simu, akasema saa nane atakuwa amefika. Mkuu wa chuo akasema basi mgeni ale kwanza.

Maurine, mpishi wetu, akaja mbio bandani. Friji imezima tangu jana usiku, nyama imechacha, na jikoni kuna kabichi. "Mama Griffin, nitampa Daktari Shitanda kabichi?"

Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo. Kwa wengine nasema tu kwamba mgeni wa heshima katika nchi hii anakula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na akiondoka bila kuku, aibu haiendi naye, inabaki kwa wenyeji. Majogoo hatukuwa nao, mradi ulikataa. Kuku wote niliokuwa nao walikuwa na pete.

Na asubuhi ile ile, nikimwaga chakula, kumi na saba alikuwa amepanda juu ya kiota akawika. Mara mbili, vizuri kabisa. Kwetu jike akiwika hafiki jioni. Mimi ni mwanakwaya na mambo ya mikosi siyaamini, lakini nilipofungua mlango wa banda la pili mkono wangu haukuniuliza ninaamini nini.

Kisha, na hili ndilo linaloniuma, nilipiga hesabu nikaona namsaidia mtoto. Mayai arobaini na manne ukigawa kwa kuku kumi na wawili, unapata kidogo. Ukigawa kwa kumi na mmoja, unapata zaidi. Nikimtoa huyu mlaji wa bure, banda la Ashley litang'aa mbele ya mtahini. Nilifikiria hivyo nikiwa nimeshashika mbawa zake. Hakupiga kelele. Pete nikaitia mfukoni mwa aproni.

Maurine alimpika vizuri. Imondo, yaani firigisi, nililiangalia mwenyewe lisipotelee sufuriani, maana hilo lina mwenyewe mezani, halikatwi wala haligawanywi. Nikalipeleka kwenye sahani ya Daktari Shitanda kwa mkono wangu. Akalitafuna polepole amefumba macho, akauliza nani kapika.

Ashley alifika saa nane kasoro, kajasho puani, ripoti kifuani imejalidiwa kwa rangi ya samawati. Akanipungia mkono akaingia ofisini walikokaa Daktari Weldon na mtahini. Mimi nikaleta chai. Daktari Shitanda alikuwa akifungua kurasa kwa haraka, kisha polepole, kisha akarudi nyuma.

"Kwa hiyo," akasema, "banda lako la pili linatoa mayai mengi kwa sababu ya kuku asiyetaga."

"Ndiyo, Daktari. Ugomvi ukianza, yeye anaingia kati kabla haujafika mbali. Mara mia mbili na sita nimeandika. Mabanda mengine hayana kuku kama huyo. Kule wanyonge wanaogopa hata kukaribia kiota."

"Mradi wako wote umesimama juu ya kuku mmoja."

"Ndiyo, Daktari."

"Nataka kumwona huyu kumi na saba."

Chai niliimimina kwenye sahani badala ya kikombe. Nikasema nitangulie nifagie njia, nikatoka. Mpaka leo miguu yangu haijawahi kukimbia vile.

Nilichofanya nilikifanya kwa dakika tatu. Banda la nne lilikuwa na kuku mkubwa wa rangi ile ile, namba arobaini na moja. Nikamvua pete yake, nikamvisha ya kumi na saba, nikamwingiza banda la pili. Mwenye kufuga kuku ameshajua nilivyokosea. Mimi, baada ya miaka kumi na tisa, nilijua pia. Lakini hofu haina uzoefu.

Walipofika wavuni, kuku wenyeji walikuwa wameshamzunguka yule mgeni wao. Namba kumi na nne ndiye aliyeanza, yule bingwa wangu wa mayai, akamrukia kichwani. Kisha ishirini na mbili. Kisha hata kumi na tano, mnyonge wa banda zima, akapata nafasi ya kumdonoa mtu. Kuku wa watu akakimbilia pembeni, akaingiza kichwa chini ya chombo cha chakula, damu ikimtoka kwenye kilemba. Daktari Shitanda akabadilisha miwani, akaangalia pete, akaandika mstari mmoja.

"Ashley," Daktari Weldon akasema, na namsifu kwamba hakusema kwa furaha. "Huyu ndiye mpatanishi?"

Ashley alimtazama yule kuku. Akanitazama mimi, na mikono yangu ndani ya aproni. Alijua. Alikaa nao karibu miezi minne, alijua uso wa kila mmoja. Nikangoja aseme. Nilikuwa hata nimeshaanza kutafuta uongo wa kumjibu.

"Sina la kueleza, Daktari," akasema.

Hilo nalo sikulitegemea. Alikuwa na mstari mmoja tu wa kusema, naye ameokoka: huyu si yeye, Mama Griffin amembadilisha. Akaumeza. Mbele yake kulikuwa na Matungu na karatasi ya kuhudhuria, akaumeza ili mimi nisifukuzwe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nikamkasirikia, kwa kweli nilimkasirikia sana, kwa kuniaibisha hivyo.

"Huyo si kumi na saba," nikasema.

Daktari Shitanda akainua kichwa. "Kumi na saba yuko wapi?"

"Umemla, Daktari. Saa sita na nusu. Na firigisi lake ulipewa wewe."

Daktari Shitanda alishika tumbo kidogo, kwa vidole viwili. Ashley akageuka akatazama upande wa shamba la mahindi, na mabega yake nikayaona.

"Kwa nini yeye?" mtahini akauliza.

"Alikuwa hatagi. Na leo asubuhi aliwika."

Mzee akavua miwani yote miwili. "Hata mama yangu angemchinja," akasema.

Daktari Weldon ndiye aliyewaka. Akasema sharti limevunjwa, pete zimebadilishwa, mradi umeharibika, hakuna chuo duniani kinachoweza kupitisha hii. Yote yalikuwa kweli. Nikamwambia ya kubadilisha pete aniandikie mimi, asimwandikie mtoto. Akaniambia ninyamaze, nikamwambia nimenyamaza.

Mtahini alikuwa akimsemesha Ashley. "Ulijuaje kwamba ni yeye anayeleta amani? Pengine banda lina amani kwa sababu nyingine, naye ana kiherehere tu." Alitumia neno langu lile lile. "Njia ni moja tu ya kujua. Unamtoa, unaangalia. Hukulifikiria?"

"Nililifikiria. Liko ukurasa wa mwisho." Alikuwa analia wazi sasa, bila kujifuta. "Nilishindwa, Daktari. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa nampenda."

"Basi mama huyu amekufanyia." Akatazama saa yake. "Ametolewa leo, kabla ya saa sita. Andika. Nitarudi baada ya wiki nne. Mayai yasipopungua, kumi na saba alikuwa kitoweo tu na wewe umeanguka. Yakipungua, tutazungumza. Daktari Weldon atahesabu pamoja na huyu mama, kila jioni, nyote mtie sahihi."

Arobaini na moja nikamrudisha banda la nne na pete yake, ndipo zikaanza wiki nne ambazo nilikuwa naamka nikiwaombea kuku wangu mabaya. Nimewalea kuku hao tangu vifaranga. Nasema wazi kwamba nilikuwa naomba wapigane.

Wiki ya kwanza hawakupigana. Mayai arobaini na matatu. Daktari Weldon akatia sahihi. Ashley alikuja, akafagia, akaandika, akaenda. Siku ya Jumamosi nilichukua yai moja kutoka kwenye kiota, kabla ya kuliandika, nikalitia mfukoni, mfuko ule ule. Nilifika nalo mpaka mlangoni. Mayai mawili kwa siku yangetosha, nani angejua? Kisha nikalikumbuka lile "sina la kueleza", nikarudi nikaliandika yai kwa jina la mwenyewe.

Wiki ya pili, thelathini na tisa. Kumi na nne na ishirini na mbili walikuwa wameanza kugombania kiota cha pembeni, na hakuna aliyejipenyeza. Wiki ya tatu, thelathini na moja. Namba ishirini hakubaki na unyoya mgongoni. Kumi na tano alihamia chini ya chombo cha chakula, akawa anasubiri wenzake walale ndipo atoke kula, na akaacha kutaga. Nilitaka kumtoa. Ashley akasema tukimtoa tumeharibu tena, na akaenda kukaa nyuma ya banda peke yake. Jumanne, mwisho wa wiki ya nne, nilimkuta kumi na tano amekufa. Nilimzika karibu na migomba na nikalia, mtu mzima mimi, nikamtukana Mwingereza na Mrusi na Daktari Shitanda kwa pamoja.

Jioni hiyo Daktari Weldon alikuja kuhesabu akawakuta kumi na nne na ishirini na mbili wameshikana. Akaingia bandani na viatu vyake vile safi, akawatenganisha, kumi na nne akamdonoa mkono mpaka damu. Akasimama pale na leso amefunga kidole, akasoma rejista. Wiki ya nne ilikuwa ishirini na saba. Akapitisha kidole kwenye safu ya kila kuku, mmoja mmoja. Wote walikuwa wameshuka, isipokuwa mmoja.

"Kumi na nne hajapungukiwa na yai hata moja," akasema.

"Yeye ndiye anayewafukuza wenzake viotani."

"Najua, Mama Griffin. Nimeona." Akafunga rejista. "Ningeombwa kuchagua mama wa kizazi kijacho, ningemchagua huyu. Ningemchagua bila kufikiri." Akatia sahihi, akaenda kuosha mkono.

Daktari Shitanda alirudi Jumatano, na safari hii hakula. Alisoma rejista nzima amesimama. Akamwambia Ashley kwamba banda moja na kuku mmoja si ushahidi wa dunia, kwamba mabanda kumi yangehitajika, na kwamba kuingiza kuku mgeni ile siku pengine nako kulichangia, kwa hiyo alama zinapungua. Kisha akampitisha. Si kwa alama za juu, alimpitisha tu. Mimi nilipewa barua ya onyo, yenye muhuri, na ninayo nyumbani ndani ya Biblia. Mkuu wa chuo alitaka kunifukuza. Nasikia aliyemkataza ni Daktari Weldon, lakini hajaniambia, nami sijamuuliza.

Mahafali yalikuwa mwezi wa kumi na mbili. Roda alinialika Matungu, akanitumia boda kabisa isije ikawa nina kisingizio. Walikuwepo kaka zake wanne, mchungaji, na wanakwaya wote waliotangaziwa mapema. Ashley alikuwa bado na joho lake, limekunjamana nyuma kwa kukaliwa. Chakula kilipoletwa, Roda alipita na sahani mbele ya kaka zake wote, akampita na mchungaji, akaja kuiweka mbele yangu. Juu ya nyama palikuwa na firigisi.

Wakati wa nyanya yangu mwanamke hakuonja hata shingo ya kuku. Mzee mmoja alikohoa. Roda akasema, "Mtoto wangu ameniambia yote. Kula, Mama Griffin." Niliinamisha kichwa, nikauliza swali la kijinga, ilimradi tu nisilie mbele ya watu.

"Kuku huyu mlimchaguaje, Roda?"

"Huyo?" akasema, akimimina maji ya kunawa. "Huyo hatagangi. Anakulanga tu bure."

Ashley, upande wa pili wa meza, akaacha kutafuna. Tukatazamana. Nikalichukua firigisi nikalila, maana lilikuwa limeshapikwa na nilikuwa nimepewa kwa heshima, na lilikuwa laini. Uani, karibu na mlango wa jikoni, kuku wawili walikuwa wamesimamishiana manyoya ya shingo, mmoja akaruka, mwenzake akaruka, na katika kuku wote wa Roda hakuna aliyejipenyeza katikati yao. Ashley akaweka sahani yake chini, akakusanya pindo la joho mkononi, akatoka kwenda kuwaachanisha.